Mfalme, Fundi na Mkono: Karume na Kazi ya Kuyalinda Mapinduzi

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ukiutazama kwa nje, hauna la kumsimamisha mpita njia. Una paa la bati, kuta za chokaa na makaburi ya zamani pembeni, na bahari haiko mbali. Ajabu yake iko ndani, kwenye ukuta wa kibla. Kuizunguka mihrabu kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, herufi zimesukwa kama ukili, na katikati yake mna tarehe: mwezi wa Dhulqaad, mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika mwambao mzima wa Afrika Mashariki.

Jiwe linamtaja aliyeamrisha kazi ile, Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad. Baada ya jina lake inafuata dua. Anaombewa umri mrefu, na anaombewa adui yake aangamizwe.

Wenyeji wana simulizi yao, ambayo jiwe halikuitaja. Zamani, wanasema, palikuwa na mfalme aitwaye Kizi na fundi wa mawe aitwaye Kazi. Fundi alipomaliza kujenga, mfalme alilitazama jengo, akalipenda, kisha akaamuru fundi akatwe mkono ili asije akamjengea mtu mwingine jengo la namna ile. Majina ya wawili hao yakaunganishwa, na mji ukaitwa Kizimkazi.

Watoto wa kusini Unguja wamekua wakiisikia hadithi hiyo, na ndani yake mna swali zito kuliko linavyoonekana. Mtu akishalipata jambo kubwa kwa jasho la wengi, atalilinda kwa njia gani? Swali hilo lilirudi Unguja alfajiri ya Jumapili ya tarehe 12 Januari 1964, na kwa miaka minane iliyofuata aliyelijibu, kwa maneno na kwa vitendo, alikuwa Abeid Amani Karume.

Karume hakuandika kitabu cha nadharia. Hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa baharia aliyezunguka dunia katika meli za mizigo, kisha akarejea Unguja na kuwaongoza wenye mashua waliokuwa wakiwachukua abiria na mizigo kati ya meli na gati. Siasa alijifunza bandarini, katika vilabu vya mpira na katika mikutano ya African Association, jumuiya iliyoundwa mwaka 1934. Kwa hiyo anayetaka kujua aliamini nini kuhusu madaraka hana budi kuzisoma hotuba zake, amri zake, na majengo aliyoyaacha. Majengo mengine yako kusini huko huko, mwendo mfupi kutoka Kizimkazi.

Kusini ya Unguja ni nchi ya maweni. Udongo wake ni haba, umejificha katika mianya ya mawe, na mkulima hupanda mhogo na mtama pale jembe linapopata pa kuzama. Karafuu hazikushika huku. Mashamba makubwa ya karafuu na minazi yalikuwa magharibi na kaskazini ya kisiwa, kwenye udongo mzito, na katika karne ya 19 mengi yake yakawa mikononi mwa wenye mali wa Kiarabu waliofuatana na utawala wa Masultani wa Oman. Wahadimu, wenyeji wa kusini na mashariki, walibaki na bahari, mawe na misitu yao. Mwinyi Mkuu, mtawala wao wa jadi aliyekuwa na kasri lake Dunga, aliendelea kutambuliwa chini ya Sultani na kukusanya kodi kwa niaba yake, na msimu wa karafuu ulipofika watu wa kusini walitoka kwenda kuchuma katika mashamba ya wengine. Mwinyi Mkuu mwenye nguvu wa mwisho, Muhammad bin Ahmed, alifariki mwaka 1865.

Ndani ya miji yao, hata hivyo, Wahadimu walikuwa na utaratibu wa madaraka usiotegemea mtu mmoja. Mambo ya ardhi, ya uvuvi na ya ugomvi wa majirani yaliamuliwa na wakubwa wa mji waliojulikana kama Watu Wanne, kila mmoja akisimama kwa upande wake, pamoja na sheha na mvyale aliyejua mizimu na mipaka ya viambo. Ulikuwa utawala wa barazani. Mtu alisikilizwa kwa sababu ukoo wake ulijulikana, na akikosea, wenziwe walikuwepo pale pale kumkosoa.

Siasa za vyama zilipoingia, zilikuta jamii hii haijaamua kama ni ya Waafrika wa bara, ya Washirazi au ya Wazanzibari tu. Tarehe 5 Februari 1957 African Association na Shirazi Association ziliungana, na mwaka huo ikapatikana Afro-Shirazi, ASP, Karume akiwa rais wake. Miongoni mwa waliouleta upande wa Washirazi ni Sheikh Thabit Kombo na Sheikh Ameir Tajo wa Makunduchi. Julai mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa wananchi. Karume alisimama jimbo la Ng'ambo, akamshinda Ali Muhsin Barwani wa chama cha Hizbu kwa kura nyingi. Ni jambo la kukumbukwa katika yote yatakayofuata: mlango wa kwanza aliopita Karume kuingia katika uongozi wa nchi ulikuwa sanduku la kura.

Lakini sanduku hilo hilo halikumfaa tena. Mwaka 1959 Ameir Tajo, Mohammed Shamte na Ali Sharif walijitenga na kuunda chama cha ZPPP. Uchaguzi wa Januari 1961 uliipa ASP viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika, Baraza likawa 11 kwa 11, na serikali haikupatikana. Uchaguzi ukarudiwa Juni. Safari hii ASP na Hizbu walipata 10 kila mmoja, ZPPP 3, na ushirika wa Hizbu na ZPPP ukaunda serikali. Fujo zilizozuka siku zile ziliua watu 68.

Julai 1963 ndipo donda lilipoiva. ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote, na viti 13 kati ya 31. Wenzao waliopata kura chache wakapata viti 18, kwa sababu ya namna majimbo yalivyokatwa na kwa sababu ASP ilirundika kura zake katika majimbo iliyokwisha kuyashinda. Uhuru ulipokuja, tarehe 10 Desemba 1963, Shamte akawa Waziri Mkuu na Sultan Jamshid bin Abdullah akabaki mkuu wa nchi. Bendera ile ilipepea mwezi mmoja na siku mbili.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari watu wenye mapanga, mashoka na silaha chache walivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, wakazitwaa ghala za bunduki. Sultani aliondoka kwa meli. Sauti iliyotangaza redioni kwamba utawala umeanguka ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyejiita Fildi Mashali, na tangu hapo wanaosimulia hawajaafikiana nani aliyepanga nini, yeye au ile Kamati ya Watu 14 yenye majina kama Seif Bakari, Yusuf Himid, Abdulla Said Natepe na Ramadhan Haji. Waliouawa katika siku zile hesabu yao inabishaniwa hadi leo. Wanahistoria wengi huzungumzia maelfu, na wengi wa waliouawa walikuwa Waarabu. Katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba na Muscat, msiba huo haujawahi kuanuliwa tanga.

Karume aliwekwa kuwa Rais na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Kuanzia hapo swali halikuwa tena jinsi ya kupindua. Lilikuwa jinsi ya kubaki.

Jibu lake la kwanza lilikuwa udongo. Tarehe 8 Machi 1964, kabla miezi miwili haijatimia, serikali ilitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya taifa. Novemba 1965, huko Dole, ulianza ugawaji wa ile iliyokuja kuitwa "eka tatu": kila familia iliyopangiwa ilipewa kipande cha shamba chenye mikarafuu au minazi, ipate kulima na kuvuna bila kukiuza. Katika miaka iliyofuata zaidi ya familia 20,000 zilipata. Hapa fikra ya Karume ilikuwa rahisi na yenye nguvu. Aliyekuwa kibarua wa karafuu jana, leo akiamka anakuta mikarafuu ni yake, huyo hatahitaji kuelezwa Mapinduzi ni nini, na atakuwa mlinzi wake bila mshahara. Mtu wa Kizimkazi alilipata tunda hilo kwa masafa, kwa kuwa ardhi iliyogawiwa haikuwa katika maweni yake, lakini kizazi kilichokuwa kikivuka kisiwa kwenda kuchuma karafuu za tajiri kilielewa maana ya tangazo lile.

Jibu la pili lilikuwa nyumba, shule na dawa. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo, na matibabu yakafuata. Wazee wasio na jamaa walijengewa makaazi Sebleni na Welezo. Mpangaji mji kutoka Ujerumani Mashariki, Hubert Scholz, alichora ramani mpya ya Ng'ambo, na vibanda vya udongo vikaanza kubomolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani, ambayo yalipokamilika miaka mingi baadaye yalikuwa na flati zaidi ya 1,000. Watumishi wa serikali, vijana na wananchi waliitwa kwenda kubeba matofali kwa kujitolea, na si kila aliyekwenda alikwenda kwa hiari. Karume aliyapenda majengo hayo kwa dhati. Hakutaka yabaki mjini peke yake, akaagiza yajengwe shamba pia, Unguja na Pemba.

Ndiyo maana anayekwenda Kizimkazi akipitia Makunduchi bado anakutana na mandhari isiyotarajiwa: maghorofa ya saruji yamesimama wima katikati ya vichaka na migomba, nguo zimeanikwa kwenye roshani, watoto wanacheza mpira kwenye mchanga mweupe uliozunguka ngazi. Wapo wageni wanaoyaona mabaya. Wanasahau nyumba ya makuti ilivyokuwa ikivuja, na jinsi bomba la maji na taa ya umeme vilivyokuwa vitu vya mtu wa Mji Mkongwe. Kwa Karume ghorofa lile lilikuwa hoja. Lilimwambia mtu wa shamba kwamba naye ni mtu, na kwamba aliyekuja kumwambia hivyo ni Serikali ya Mapinduzi.

Kama kazi ya kuyalinda Mapinduzi ingeishia hapo, historia hii ingekuwa fupi na nyepesi. Haikuishia hapo, kwa sababu Karume aliamini pia kwamba kilichopatikana kwa panga kinaweza kuibwa kwa karatasi. Hakuwa amesahau 1963. Alisema hadharani kwamba uchaguzi ni hila ya wakoloni, na kwamba Zanzibar haitarudi kwenye kura kwa miongo mingi. ASP ikawa chama pekee. Tanzania Bara ilipofanya uchaguzi wa chama kimoja mwaka 1965 na 1970, Wazanzibari walipiga kura ya ndiyo au hapana kwa Julius Nyerere kama Rais wa Muungano. Kwa kiongozi wao wa visiwani hawakuulizwa.

Muungano wenyewe ulikuwa sehemu ya ulinzi. Polisi wa Tanganyika waliletwa Unguja siku chache baada ya Januari 12, na Aprili 22 Karume na Nyerere wakatia saini Hati za Muungano, zikaanza kufanya kazi Aprili 26. Serikali changa iliyokuwa ikiogopa kurudishwa kwa Sultani, na iliyokuwa ikitazamwa kwa jicho kali na mataifa makubwa ya pande zote mbili za Vita Baridi, ilipata mgongo wa kuegemea. Ndani, hata hivyo, Karume aliendelea kuendesha visiwa kwa amri zake. Nafasi ya masheha na wakubwa wa miji ikachukuliwa na matawi ya chama. Kizimkazi, mji uliokuwa ukiamua mambo yake barazani, sasa ulikuwa na tawi, na tawi lilikuwa likisikiliza Kisiwandui, makao makuu ya ASP.

Mahakama nazo zikafuata mkondo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaundwa Mahakama za Wananchi, ambamo kesi zilisikilizwa na watu watatu wasio wanasheria, na mshitakiwa hakuruhusiwa wakili. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba sheria ya Kiingereza ni ya wenye fedha na wenye Kiingereza, na maskini hupotelea ndani yake. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli mwingi. Ila mtu asiye na wakili, mbele ya mahakimu walioteuliwa na mtawala, akakata rufaa inayoishia kwa mtawala yule yule, anapata haki kwa huruma ya mtu mmoja, na huruma ya mtu mmoja hubadilika.

Hapa ndipo mkono wa fundi unapoingia katika hadithi.

Wa kwanza kuondolewa alikuwa Okello. Machi 1964 alisafiri nje, na aliporudi alikatazwa kuingia katika kisiwa alichokuwa amekitetemesha kwa redio wiki chache nyuma. Huyo angalau aliondoka na uhai wake. Abdulla Kassim Hanga alikuwa Makamu wa Rais katika serikali ya kwanza ya Mapinduzi. Othman Sharif alikuwa Waziri wa Elimu. Saleh Saadalla alikuwa Waziri wa Kilimo, na Abdulaziz Twala alikuwa katika serikali hiyo hiyo. Wote walikuwa wana ASP, wengi wao waliokwenda shule na kujua lugha za dunia, na wote waliishia kutuhumiwa kuwa maadui. Hanga na Othman Sharif walikamatwa wakiwa Tanzania Bara, wakarejeshwa Zanzibar mwaka 1969, hawakuonekana tena. Saadalla na Twala nao walipotea katika giza hilo hilo. Familia zao hazikupewa kaburi la kuzuru.

Karume alikuwa na shaka ya muda mrefu na wasomi. Aliona kuwa mtu wa kalamu anaweza kuuza kwa wino kile mchukuzi alichokinunua kwa damu, na aliwaweka karibu zaidi watu wa Kamati ya 14, waliokuwa maseremala, polisi, mabaharia na vibarua. Inawezekana kumwelewa mtu aliyedharauliwa nusu ya maisha yake kwa sababu ya elimu ndogo. Haiwezekani kuufuta ukweli kwamba waliopotezwa ndio waliokuwa wameandika, wamehutubu na wamesafiri kwa ajili ya jambo lile lile. Ukuta ulijengwa na wengi, na mikono mingi ilikatwa ikiwa bado na chokaa.

Uchumi nao uliingia katika hesabu ya ulinzi. Karume aliogopa nchi kudaiwa, akataka ijitegemee. Benki ya Watu wa Zanzibar ilianzishwa mwaka 1966 na shirika la biashara la ZSTC mwaka 1968, karafuu zote zikapita mikononi mwa serikali, na bei ya dunia ilipokuwa nzuri akiba ya fedha za kigeni ikakua nje ya nchi. Wakati huo huo uagizaji wa chakula ulipunguzwa. Mchele, ambao kwa Mzanzibari ni karibu sawa na chakula chenyewe, ukawa wa mgao. Watu waliambiwa wale mhogo na ndizi walizolima. Foleni zikaanza alfajiri. Kusini, ambako mhogo na samaki vilikuwa chakula cha kila siku tangu enzi, dhiki ilibebeka. Mjini ilichoma, na manung'uniko yakawa ya kunong'onezana, kwa sababu hakuna aliyejua jirani anamsikilizia nani.

Jioni, kazi ikiisha, Karume alikuwa na desturi ya kukaa Kisiwandui na wenziwe wakicheza bao. Bao la Kiswahili ni mchezo wa subira. Kila mchezaji ana mashimo kumi na sita, na moja kati yake lina heshima ya peke yake, huitwa nyumba. Kete zikijaa humo mchezaji huwa na utajiri na pia mtihani: asafiri na nyumba, azimwage kete zake kuzunguka ubao, au aendelee kuilinda huku mwenziwe akiitega. Wachezaji wazuri husema ugumu wa mchezo wote uko katika uamuzi huo.

Tarehe 7 Aprili 1972, karibu na magharibi, watu wenye silaha waliingia pale. Risasi zikapigwa, Karume akaanguka. Sheikh Thabit Kombo, aliyekuwa naye tangu siku za kuunganisha vyama, alijeruhiwa lakini akapona. Mmoja wa washambuliaji, Luteni Humoud Mohamed Humoud wa jeshi, aliuawa palepale. Karume alizikwa Kisiwandui, hatua chache kutoka alipokuwa akicheza, na kaburi lake liko pale hadi leo. Waliokamatwa baadaye walikuwa wengi. Kesi ya uhaini ya watu 81 ilisikilizwa mwaka 1973 na 1974. Abdulrahman Babu, mwanzilishi wa Umma Party na waziri wa zamani, alihukumiwa kifo akiwa kizuizini Bara, na aliachiwa mwaka 1978.

Yaliyotokea baadaye yanaonesha ni upande upi wa mawazo ya Karume uliodumu. Mrithi wake, Aboud Jumbe, alilegeza kamba taratibu. Tarehe 5 Februari 1977, miaka ishirini kamili baada ya ule muungano wa mwaka 1957, ASP na TANU ya Bara zikawa CCM. Mwaka 1979 Zanzibar ikapata katiba, na Januari 1980 wananchi wakachagua wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Karibu miaka minane tu ilikuwa imepita tangu kifo cha mtu aliyesema kura zingengoja miongo mingi. Mwaka 1985 kiti cha urais wa Zanzibar kikakaliwa na Idris Abdul Wakil, mwalimu mzaliwa wa Makunduchi aliyekuwamo katika baraza la mawaziri la mwaka 1964, mmoja wa mafundi ambao mikono yao ilisalimika. Katika miaka ya 1990 vyama vingi vikarudi, na masheha wakarudi pia, safari hii wakiteuliwa na serikali.

Eka tatu hazikurudishwa. Shule hazikufungwa. Majumba ya Michenzani na ya Makunduchi yanakaliwa na wajukuu wa waliokabidhiwa funguo. Hata wapinzani wakali wa serikali waliofuata hawakusimama jukwaani kuahidi kumrudishia tajiri mashamba yake. Kilichogawiwa kilijilinda chenyewe. Kilichofungiwa kilihitaji mlinzi kila usiku, na kila uchaguzi tangu 1995 umeleta tena woga wa zamani: upande mmoja ukiogopa kwamba Mapinduzi yatapinduliwa kwa kura, upande wa pili ukiamini kura zake hazihesabiwi. Tarehe 27 Januari 2001, maandamano ya wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF yalipokabiliwa kwa risasi Unguja na Pemba, zaidi ya watu 30 waliuawa.

Rais wa Zanzibar wakati huo alikuwa Amani Abeid Karume, mtoto wa yule yule. Swali la baba lilimfikia mtoto likiwa na damu mbichi. Baada ya mazungumzo mengi yaliyokwama, tarehe 5 Novemba 2009 alikutana Ikulu na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF, na wawili hao wakaanzisha kilichoitwa maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Takriban asilimia 66 walisema ndiyo. Baba alikuwa ameamini kuwa Mapinduzi yatasalimika kwa kumweka adui nje ya mlango. Mtoto alimfungulia mpinzani akaingia na kukaa kwenye kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais. Mpango huo umeyumba, ukavunjika baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, ukarudi tena Desemba 2020. Bado ni jengo lenye nyufa.

Serikali ya Zanzibar, zaidi ya miaka sitini baadaye, ingali inaitwa Serikali ya Mapinduzi. Rais ni Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Januari 12 ni sikukuu, na kiongozi akipanda jukwaani na kuita "Mapinduzi!" umati hujibu "Daima!" Watu wa kusini hujibu kwa sauti kama wengine, na Kizimkazi yenyewe imemtoa Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa Januari 1960, akawa mtoto wa karibu miaka minne siku ya Mapinduzi, na tarehe 19 Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Lakini kusini pia ina desturi nyingine ya kushughulika na adui, iliyo kongwe kuliko chama chochote. Kila mwezi wa Julai, Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hutoka uwanjani na kupigana kwa magogo ya migomba, mchana kweupe, wanawake wakiimba pembeni. Wenye kinyongo cha mwaka mzima hukitoa hapo. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, ugomvi unahesabiwa umekwisha, na waliopigana hula pamoja. Hakuna anayekatwa mkono. Mwaka unaofuata wanahitajiana tena, kwa kuvuta nyavu, kuezeka na kuzika.

Asubuhi ya siku yoyote, mashua zenye wageni wanaotafuta pomboo huondoka pwani ya Kizimkazi kwa kelele za injini. Kelele zikishatulia, wazee huingia msikitini Dimbani kuswali mbele ya mihrabu ile ile. Jina la aliyeamrisha lingali linasomeka kwenye jiwe, na tarehe yake. Fundi aliyechonga herufi zile nzuri hakuandikwa. Na adui aliyeombewa kuangamizwa, miaka zaidi ya 900 iliyopita, jiwe halisemi alikuwa nani.